Msaragambo wa Damu

Mimi si mwepesi wa kusifu watu. Nashona nguo barazani kwangu, hapa kitongojini kwetu mlimani, juu ya Maore, na mtu anayekaa barazani kutwa nzima anaona mengi ya wenzake mpaka sifa zinamkauka mdomoni. Kwa hiyo nikisema kwamba jirani yangu Yudith namvulia kofia, ujue sisemi kwa kumpendelea. Nimegombana naye mara nyingi kuliko nilivyogombana na mume wangu.

Yudith ndiye mpiga pembe wetu. Kwa mgeni inabidi nieleze kidogo. Huku Upareni kazi ya wote tunaiita msaragambo: kuzibua mfereji, kutengeneza njia iliyobomoka, kusafisha ndiva, yaani lile bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia. Pembe ikilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu, na jembe lake au panga lake au karai lake. Huulizi ni kazi gani. Unakwenda mpaka uwanja wa kanisa, utaambiwa ukifika. Asiyetokea anatozwa jogoo, na jogoo huyo analiwa siku hiyo hiyo pamoja na makande, na mwenyewe akitaka kuja kutazama anakaribishwa. Ndivyo tulivyolelewa. Hata watoto wetu walioko Dar es Salaam, wakisikia honi ya lori alfajiri, nadhani wanapapasa chini ya kitanda kutafuta jembe.

Pembe yenyewe ilikuwa ya mumewe, marehemu Sifael. Alipofariki, wazee walikwenda kuichukua wampe mwanamume mwingine. Yudith akawakaribisha, akawawekea chai ya tangawizi, kisha akatoka nje akaipuliza. Watu wakatokea na majembe. Wazee wakamaliza chai yao wakaenda zao, na habari ya kumpa mwanamume mwingine sijaisikia tena tangu siku hiyo.

Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Siku ya msaragambo anapita mstarini toka juu hadi chini, na hana dogo. "Hezroni, jembe ni la kuchimbia, si la kuegemea," atasema, na Hezroni, ambaye ni pande la mtu na ndiye mlalamikaji mkuu wa kitongoji chetu, atanung'unika huku anachimba. Mimi mwenyewe amenifokea mbele za watu kwa sababu ya karai nililolijaza nusu. Nilinuna wiki nzima. Lakini mfereji ulipitisha maji.

Ukitaka kumfahamu Yudith, lazima nikueleze habari ya Victoria, na hii siisimulii kwa raha. Victoria alikuwa kifungua mimba wake. Wakati ule hospitali zilikuwepo, sikatai, lakini kutoka kwetu kila moja ilikuwa mbali, na mgonjwa tulimshusha kwa machela: miti miwili, blanketi limefungwa katikati, wanaume wanabeba na kupokezana mpaka barabarani, halafu mnasubiri gari la kusimamisha. Victoria alijifungulia nyumbani. Mtoto hakulia hata mara moja. Halafu damu ikaanza kumtoka mama, ikakataa kusimama. Wanaume wakambeba wakashuka naye, mvua inanyesha, njia ni utelezi mtupu. Hezroni alikuwa kijana mwenye nguvu, akashika mbele. Yudith alitembea pembeni, amemshika binti yake mkono. Hawakufika barabarani. Pale ambapo unaanza kuyaona mabati ya Maore, Yudith aliusikia ule mkono umebadilika. Akawaambia, "Mshusheni sasa. Asanteni, mmefanya kazi."

Zamani sote tulikuwa tunamwita Mama Victoria. Baada ya msiba tukaanza kumwita Mama Clemence, kwa jina la mtoto wake wa pili. Hatukukaa kikao kukubaliana. Kila mmoja aliona tu kwamba jina lile halitamkiki mbele yake.

Basi ikaja hospitali mpya, pale njia panda ya kuelekea Kihurio. Sitaki kuanza habari za mchakato, maana mchakato ulikuwa mrefu na sehemu kubwa ilikuwa mikutano. Niseme tu kwamba mawe ya msingi mengine tuliyasomba sisi, kwa pembe ya Yudith, na siku ya ufunguzi tulishuka wote tumevaa vizuri. Nusu ya nguo zile nilizishona mimi. Kwaya ya Walutheri iliimba, sisi Wakatoliki tukaimba vizuri zaidi, na watoto wa madrasa wakatushinda wote kwa kasida. Mgeni rasmi akahutubia mpaka watoto wachanga wakalala. Utepe ukakatwa, tukaruhusiwa kuingia ndani.

Nisikufiche, nilishikwa na furaha kama mtoto. Kulikuwa na eksirei, na maabara yenye darubini. Kulikuwa na kliniki ya macho, na daktari wa meno ambaye wiki iliyofuata aliling'oa jino lililonitesa tangu Kwaresima, nami nikamshangaa kwa sababu nilikuwa bado nasubiri maumivu yaanze. Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda vinavyopanda na kushuka. Watoto njiti walikuwa na chumba chao chenye joto. Nje kulikuwa na nyumba ya akina mama wanaosubiri siku zao, ili mjamzito wa mlimani asikutwe na uchungu mlimani. Mabomba yalitoa maji. Wanawake wa kwetu walikuwa wakiyafungua na kuyafunga, wakiyafungua na kuyafunga, mpaka nesi akaja kuwaomba waache.

Yudith hakujali mabomba. Alikuwa amesimama kwenye chumba kidogo karibu na maabara, mbele ya friji lililofunguliwa ili tulione. Taa yake ya ndani ilikuwa inawaka, na rafu zote zilikuwa tupu. Mganga mfawidhi, kijana wa Kitanga anayeitwa Daktari Salehe, akamsogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hili friji ni la nini?"

"La damu, mama. Ndiyo benki yetu ya damu."

"Mbona ndani hamna kitu?"

"Ndiyo kwanza tunaanza. Damu hainunuliwi dukani, mama. Inatoka kwa watu."

Yudith alikaa pale akilitazama friji mpaka nikamvuta kanga tukale pilau.

Sasa, yule Clemence ameoa binti wa kutoka Ugweno, anaitwa Blessing. Ni msichana mpole, mcheshi, na amefanikiwa kuishi na Yudith nyumba moja bila kugombana, jambo ambalo mimi nimeshindwa nikiwa ng'ambo ya uzio. Clemence anafanya kazi kwenye shamba la mkonge huko tambarare na huja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo Yudith na mkwe wake ndio wanaokaa pamoja, na mtoto mkubwa wa Blessing. Huyo mtoto wa kwanza Blessing alimpata kwa upasuaji. Wakati hospitali inafunguliwa alikuwa na mimba ya pili, kubwa tayari.

Siku niliyokwenda kung'oa jino tulishuka pamoja sisi watatu. Blessing akapimwa kwa ultrasaundi, halafu Daktari Salehe akamwita na Yudith aingie. Blessing akaniomba niingie pia, akanishika kidole kama anavyofanya mtoto.

Daktari alituchorea kwenye karatasi. Kondo la nyuma limekaa chini, akasema, limeziba njia ya mtoto. Huyu hawezi kujifungua kwa kawaida, lazima apasuliwe, na kwenye upasuaji wa namna hii damu hutoka nyingi. "Chumba cha upasuaji ninacho," akasema. "Mtaalamu wa dawa ya usingizi ninaye. Damu sina. Benki kubwa ya damu kule Moshi nimeiomba, lakini kila hospitali inaomba huko huko. Nikimpasua bila damu namchezea maisha yake. Nikimpa rufaa aende mbali, njia hii na mvua hizi, damu inaweza kuanza kumtoka garini."

"Inaweza kuanza lini?" Yudith akauliza.

"Siku yoyote, mama."

Blessing akaanza kulia kimyakimya. Yudith alikuwa ameiva uso. Namjua: wengine wakiogopa hutetemeka, yeye huonekana kama amekasirika. Akamuuliza daktari kama wangepata damu hapa hapa ingekuwaje. Daktari akasema angemlaza Blessing kwenye nyumba ya kusubiria, damu ingepelekwa kupimwa na kurudi, na siku ikifika angempasua yeye mwenyewe bila wasiwasi. Akatuambia siku ya kuchangia ilishapangwa na matangazo yataanza. Blessing akabaki kule chini kuanzia siku ile. Sisi wawili tukapanda mlima.

Matangazo yalitolewa kila mahali. Kanisani, msikitini, na gari lenye spika likazunguka mpaka likakwama. Siku yenyewe walikwenda mchungaji, walimu wawili watatu, na kundi la vijana wa mkonge, watu wa Kigoma na Songea waliokuja kutafuta maisha, ambao wala si wa hapa. Wa kwetu hakushuka mtu, ukimtoa Yudith; Clemence alikuja kutoka kazini akatoa yake. Kila mmoja alikuwa na lake. Huyu alisema ukitolewa damu huwezi kupandisha kuni msimu mzima. Yule alisema itauzwa. Hezroni alisema damu yake anaijua mwenyewe na haijawahi kulala nje. Mimi nilikuwa na nguo za kipaimara za kumaliza, na sindano siipendi.

Yudith aliyeshuka akakataliwa. Alirudi jioni akaketi barazani kwangu bila kukaribishwa.

"Wamesema umri umepita," akasema. "Yule nesi, Sista Blandina, amenishika mkono vizuri kabisa, akaniita mama, akaniambia nirudi nyumbani. Damu yangu imestaafu, Mama Raymond. Nachimba ndiva, nabeba mawe, lakini damu imestaafu."

"Pole," nikasema. "Daktari amesemaje?"

"Iliyopatikana haitoshi. Ameshukuru, lakini haitoshi. Kuna mama wa Kihurio naye anaisubiri hiyo hiyo." Halafu akasema, taratibu, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akikisema: "Naogopa. Ile njia siwezi kuitembea mara ya pili."

Nikamshika bega. Akaondoka, nikadhani amekwenda kulala na huzuni yake.

Alfajiri pembe ikalia.

Mvua ilikuwa imepumzika. Nikachukua karai langu, nikiwa nimejiahidi kulijaza mpaka juu, nikaenda uwanja wa kanisa. Kila nyumba ilikuwa imetoa mtu. Hezroni alikuwa na jembe na panga, wanawake wana makarai, vijana wana sururu. Yudith alikuwa amejifunga kanga kiunoni, pembe iko kwapani. Hakutoa maelezo. Alisema tu, "Twende."

Tukadhani ni ndiva. Tukaipita ndiva. Tukadhani ni njia iliyokatika pale kwenye migomba, tukaipita na njia. Hezroni akauliza kwa sauti kazi iko wapi. "Chini," akajibiwa. Kwa mila yetu pembe ikishalia huachi mstari njiani, kwa hiyo tuliendelea kushuka, kila mtu akibuni lake. Wengine walisema daraja limechukuliwa na maji. Wengine walisema gari la mgeni rasmi limekwama. Tukapita Maore. Watu wa Maore wakatoka milangoni kututazama: mstari mrefu wa Wapare wa mlimani, majembe mabegani, mapanga mikononi, kimya, maana hatukuwa tumekunywa chai na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzungumza.

Tukafika hospitalini. Mlinzi wa getini, mzee mmoja anaitwa Salimu, alituona kwa mbali. Akafunga geti, akaweka na komeo. Manesi wakachungulia madirishani. Nikamwona Sista Blandina akivuta pazia.

"Jamani," Salimu akasema akiwa nyuma ya geti, amejikaza lakini sauti inamsaliti. "Kama kuna mgonjwa wenu amefariki, tuzungumze kwanza. Daktari yuko njiani."

"Hakuna aliyefariki," Yudith akamwambia. "Tumekuja ili asifariki. Sisi ni watu wa msaragambo."

Salimu akayatazama mapanga. Nadhani hakuridhika.

Yudith akatugeukia. Akatuambia kazi ya leo ni kutoa damu, wote wanaofaa, na kwamba friji la hospitali yetu ni tupu. Manung'uniko yakaanza nyuma yakaja mbele. Hezroni akapita katikati ya watu akasimama mbele yake. Akamwambia, "Mama Clemence, umetudanganya. Pembe ni ya kazi ya wote. Hii ni kazi ya nyumba yako. Ni ya mkwe wako."

Alikuwa na haki, na sote tulijua. Nikamwonea Yudith huruma, na nikaona aibu kwa niaba yake. Lakini hakuinamisha kichwa.

"Ni mkwe wangu, sijaficha," akasema. "Lakini tunapojaza ndiva, Hezroni, nani anajua maji yatakwenda kwenye shamba la nani? Leo ni Blessing, na yule mama wa Kihurio. Kesho simjui, na wewe humjui." Sauti yake ikashuka, tukasogea ili tumsikie. "Wewe ulishika mbele ya machela ya Victoria. Mvua inanyesha, unalia, unabeba. Mlikuwa wanaume wengi siku ile, wazima, wenye nguvu. Kila mmoja wenu alikuwa na damu mwilini ya kumwokoa mtoto wangu, mkatembea nayo mpaka kule chini, na hapakuwa na njia ya kumpa. Nimelifikiri jambo hilo miaka yote. Sasa njia ipo. Ni ule mlango wa kijani pale. Mkisema hii si kazi ya wote, chukueni pembe hii sasa hivi, mimi nikafunge mizigo ya Blessing kwa safari ya rufaa."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akilitaja jina la Victoria mbele za watu. Hezroni alikuwa anatazama chini. Halafu akaliegemeza jembe lake kwenye ukuta wa hospitali, akaweka panga chini yake, akamwendea Salimu.

"Sindano yenyewe ni kubwa?" akauliza.

"Sijui, mzee," Salimu akasema. "Mimi ni mlinzi."

Geti likafunguliwa. Tukapanga majembe ukutani, tukaingia.

Walitupima kila kitu: uzito, presha, kidole kwa sindano ndogo. Nilikuwa naomba kimoyomoyo wanikute na kasoro yoyote, iwe ndogo tu, lakini Sista Blandina akanisifu kwa afya yangu njema na kunilaza kitandani. Haikuuma kama nilivyoogopa. Uliniuma zaidi ule muda wa kusubiri. Kitanda cha pili alilala Hezroni, amefumba macho, amekunja uso, miguu imezidi godoro. Alipomaliza akapewa soda na biskuti, akauliza kama anayetoa mara mbili anapata soda mbili. Sista akamwambia arudi baada ya miezi kadhaa. Akasema atarudi, na kweli amerudi, tena zaidi ya mara moja, na sasa anatangaza habari za damu kuliko lile gari la spika.

Kukatokea tatizo ambalo hospitali haikulitegemea. Baadhi yetu walikataliwa. Huyu presha iko juu, huyu ametoka kuugua malaria, yule ananyonyesha. Wakaambiwa wanaweza kwenda nyumbani. Sasa kwetu mtu harudi kutoka msaragambo bila kutoka jasho, ni aibu, na watoto watamuuliza. Wakatoka nje wakajadiliana. Wakaona maji ya mvua yanatuama nyuma ya wodi ya wazazi kwa sababu mtaro ulikuwa mdogo. Wakachukua majembe. Daktari Salehe alipofika alikuta uwanja wake unachimbwa na watu asiowajua, Yudith anapita mstarini toka juu hadi chini, na Salimu amevua koti la ulinzi anabeba karai. Karai langu. Daktari alisimama akatazama muda mrefu. Halafu akasema mtaro ule ulikuwa umeombwa kwenye barua tangu kabla ya ufunguzi, akaenda kunawa mikono aanze kazi.

Damu ikapelekwa Moshi kupimwa, ikarudi. Rafu za lile friji zikajaa. Blessing alituambia kwamba manesi walimwita akalione, na kwamba usiku huo alilala usingizi wake wa kwanza mzuri tangu siku ya ule mchoro wa daktari.

Siku yenyewe haikungoja ratiba. Ilikuwa mchana, mimi na Yudith tumempelekea Blessing makande, yamefungwa kwenye taulo yasipoe. Alikuwa amekaa kitandani akicheka kitu nilichosema juu ya kwaya ya Walutheri. Kicheko kikakatika. Akatazama chini, akasema, "Mama." Shuka lilikuwa jekundu.

Kutoka nyumba ya kusubiria mpaka chumba cha upasuaji ni hatua chache tu. Walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu wakapita naye sakafu nyeupe, mlango ukafunguka, ukafungwa. Ilichukua muda mfupi kuliko mtu anavyochukua kufunga blanketi kwenye miti. Yudith akabaki amenyoosha mkono, alikuwa bado ameushika wa Blessing ulipomponyoka.

Tuliketi kwenye benchi. Sikumwambia asiogope, kwa sababu mimi mwenyewe roho ilikuwa juu. Baada ya muda akatoka nesi mmoja anakimbia, akarudi na mfuko wa damu kifuani. Yudith akasimama, kama unavyosimama mtu mzima akipita. Nesi akaingia, yeye akaketi. Ukapita mfuko wa pili, akasimama tena. Mimi nikaanza kusimama naye. Wagonjwa wengine waliokuwa barazani walitushangaa, halafu na wao wakawa wanasimama bila kujua ni kwa nini.

Daktari Salehe akatoka, kofia yake ya kijani imelowa jasho. Akachuchumaa mbele ya Yudith ili macho yao yalingane.

"Mzima," akasema. "Wote wazima. Mtoto ni wa kike, mdogo kidogo, tumempeleka kwenye chumba cha joto. Blessing ametokwa na damu nyingi sana, mama. Isingekuwa ile damu, ningekuja kwako na maneno mengine."

Yudith akafunika uso kwa kanga. Alipoifunua akauliza, "Ilikuwa ya nani?"

"Hatusemi, mama. Hata sisi tunaona namba tu kwenye mfuko. Inaweza kuwa ya yeyote kati ya wale waliokuja, wa mlimani au wa mkonge."

Nilifikiri yameishia hapo. Blessing alipopata nguvu Clemence akaja, wakarudi nyumbani na mtoto, tukala, tukaimba, mchungaji akaomba sala ndefu. Lakini siku iliyofuata nikamwona Yudith amevaa gauni lake la Jumapili, anakwenda nyumba hadi nyumba. Nikaambiwa kwamba kabla ya kuanza nyumba zetu alishashuka mpaka kambi ya mkonge, akawatafuta wale vijana wa Kigoma na Songea mmoja mmoja, akawashika mikono. Kwa waliokataliwa wakachimba mtaro alikwenda pia. Hakuruka mlango.

Akaja kwangu. Nilikuwa kwenye cherehani. Nikataka kumwahi nimwambie asinishukuru mimi, kwamba damu yangu huenda bado iko kwenye friji, au ilikwenda kwa yule mama wa Kihurio.

"Huenda," akasema. "Na huenda ndiyo inayomtembea Blessing saa hii. Siwezi kujua, Mama Raymond, kwa hiyo siwezi kukuacha."

Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia likifanywa kwetu wala kwingine. Yudith ni mkubwa wangu kwa miaka mingi. Yeye na mama yangu mzazi walikuwa wakienda kuteka maji pamoja. Tangu nimeolewa nyumba hii ya jirani kila asubuhi namwamkia mimi, hata siku tulizogombana. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo, akaniambia, "Shikamoo."

Nilishtuka, nikataka kumwinua. Akabaki vilevile, anasubiri. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nikaitikia marahaba, kwa sababu niliona hataondoka mpaka niitikie, na alikuwa bado ana nyumba nyingi za kupita.